Ukuta wa Bi. Mwanamkisi

Sura ya Tisa

"Nimemsamehe," alisema Bwana Taha, "na neno langu silirudishi. Lakini, Mheshimiwa, nataka nijue nimesamehe kitu gani."

Inspekta Chelangat, aliyekuwa ameketi nyuma ya meza ya mashtaka na faili mapajani, aliacha kupekua. Mzee huyu wa Faza, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito, alikuwa ameitwa mbele kwa jambo jepesi: aseme kama familia ya marehemu ina lolote la kuieleza mahakama kabla ya hukumu. Katika nafasi hiyo watu huomba adhabu kali, au hulia, au husema wamemwachia Mungu. Hakuna aliyetazamia swali.

Jaji Nyaguthii alivua miwani. "Fafanua, Bwana Taha."

"Mwanangu Husni alikufa huku Mkomani, mimi niko Faza. Nilikuja, nikamzika, nikarudi. Kwetu mfiwa hasimuliwi mwanawe alivyokufa. Watu wanakupa mkono, wanamwombea dua, wanaondoka. Leo nimemsikia huyu bwana wa serikali akisema Jeilani alimnyanyua mwanangu kama gunia, akamtupa ng'ambo ya ukuta." Alimtazama Kirimi, kiongozi wa mashtaka, bila chuki. "Jeilani na Husni wamelala chumba kimoja, wamekula sahani moja. Kama alimnyanyua, basi nimemsamehe aliyemnyanyua. Kama hakumnyanyua, msinibebeshe mzigo usiokuwepo. Nimemaliza."

Akarudi kuketi. Kizimbani, Jeilani alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa fundi wa chokaa kutoka Mbwajumali, mwembamba, na miaka mitatu ya rumande ilikuwa imempunguza zaidi.

Kesi yenyewe ilikuwa imefika ukingoni. Jeilani alishtakiwa kwa mauaji. Baada ya mashauriano marefu serikali ikakubali kupunguza shtaka kuwa kuua bila kukusudia, naye akakiri kosa. Kukiri huko kuliokoa muda wa mahakama, na pia kulikata maswali yote. Hakuna shahidi aliyesimama, hakuna aliyehojiwa mbele ya watu. Kilichobaki ni kifungo, na katika kosa hilo sheria inampa jaji uwanja mpana. Wakili wa utetezi aliomba muda wa rumande uhesabiwe kuwa adhabu tosha. Kirimi aliomba miaka kumi na mitano zaidi. Kati ya maombi hayo mawili palisimama ukuta.

Chelangat aliyajua maelezo yote kwa moyo. Vijana wawili walikuwa wakikarabati dari, yaani paa la bapa, ya nyumba ya Bi. Mwanamkisi. Jioni, baada ya kazi, wakacheza dhumna juu ya dari hiyo hiyo. Husni akaificha mkononi kete ya sita mbili, akawa anacheka na kukataa kuitoa. Jeilani akamsukuma mara moja, kwa mikono miwili, kifuani. Hadi hapo pande zote zilikubaliana. Jeilani akaongeza kwamba ukuta wa ukingo ulibomoka, Husni akaenda nao. Polisi walimkamata hospitalini, alikompeleka Husni yeye mwenyewe na majirani, wala hawakufika kwenye nyumba ile hadi mpiga picha alipovuka kutoka bara, siku ya tatu. Picha zilionyesha ukuta mzima, mweupe, usio na ufa. Mpelelezi wa wakati huo, ambaye alikuwa ameshahamishwa, aliandika: mshukiwa anadanganya.

Kirimi alijenga hoja yake juu ya picha hizo. Ukuta ni mzima na unafika kiunoni. Mtu hasukumwi mara moja akauruka ukuta wa kiunoni, lazima anyanyuliwe. Tena aliyemnyanyua ameongopa, na anayeongopa hajajuta.

"Inspekta," jaji aliita. "Ukuta huo umeuona?"

Chelangat alisimama. "Sijauona, Mheshimiwa. Faili nimeirithi."

"Bwana Kirimi?"

"Nimeona picha, Mheshimiwa."

"Wakili wa utetezi?"

"Picha pia, Mheshimiwa."

Jaji alirudisha miwani. "Naombwa nimfunge mtu miaka kumi na mitano kwa sababu ya ukuta, na humu ndani aliyeuona ni mshtakiwa peke yake. Inspekta, nenda kauone. Bwana Kirimi, fuatana naye, nisije nikaletewa kuta mbili. Tutarudi kesho saa nane mchana."

Watu walicheka. Jeilani hakucheka, aliinua kichwa tu, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

*

Bi. Mwanamkisi aliwapokea mlangoni, mikono imejaa unga.

"Karibuni, karibuni! Yeo serikali imeikumbuka ndia ya kwangu. Viatu hapo. Wewe bwana mnene, angalia kichwa, mlango huu hauna adabu kwa warefu."

"Mimi si mnene, Mama," alisema Kirimi, akiinama.

"Haya, umejaa. Pandeni."

Walipanda ngazi za mawe, nyembamba, zenye kugeuka. Juu, dari ilikuwa wazi, imezungukwa na ukuta wa ukingo, na mapaa ya Mkomani yalitanda pande zote, nguo zikipepea kwenye kamba. Kando ya ukuta wa upande wa uchochoro palikuwa na kitanda cha kamba.

Chelangat alikitazama kitanda hicho kabla ya kitu kingine chochote. Mtu aliyesimama juu yake angekuwa na ukuta magotini. Msukumo mmoja ungetosha.

"Bi. Mwanamkisi, kitanda hiki kilikuwa hapa siku ile?"

"Kitanda hiki? Nalikileta mwaka jana, wajukuu wapate kulala penye upepo. Siku ile hapakuwa na kitu. Walikuwa wameketi tini, juu ya mkeka, kama wafalme."

Njia hiyo ikafungika. Chelangat alikisogeza kitanda pembeni, akaupima ukuta kwa mwili wake, kisha kwa wa Kirimi.

"Simama hapa. Mgongo kwenye ukuta."

"Kwa nini mimi?"

"Husni alikuwa na kimo chako. Mimi nina kimo cha Jeilani. Nitakusukuma."

"Kidogo?"

"Nisipokusukuma kweli sitajua kweli. Nimeushika mkanda wako."

Alimsukuma. Kirimi alirudi nyuma, makalio yake yakaugonga ukuta, akaketi juu yake kama mtu anayesubiri chai. Alimsukuma tena, kwa nguvu zote. Kirimi akaketi tena, safari hii kwa sauti. Bi. Mwanamkisi alikuwa ameegemea mlango wa ngazi akifuta machozi kwa kiwiko.

"Mwaka mzima sijacheka hivi," alisema. "Rudieni."

"Inatosha," alisema Kirimi, akipangusa suruali. "Umeona, Inspekta? Ndivyo nilivyosema mahakamani. Ukuta huu haumwachii mtu. Lazima anyanyuliwe."

"Jaribu kuninyanyua mimi."

Kirimi alimshika kwapani, akamwinua inchi chache, akamrudisha chini akihema. "Wewe ni mzito kuliko unavyoonekana."

"Husni alikuwa mzito kuliko mimi, na Jeilani ni nusu yako. Kwa hiyo kuna mambo mawili yasiyowezekana: ukuta haumwachii mtu, na Jeilani hamnyanyui Husni. Lakini Husni alianguka. Kuna kitu kimoja hapa si kile tunachodhani."

Akaanza kuukagua ukuta kuanzia pembe, polepole, mkono ukipita juu yake. Chokaa ya zamani ilikuwa imechakaa sawasawa, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na mvua zilikuwa zimeipaka weusi. Karibu na katikati rangi ilibadilika. Urefu wa mikono miwili hivi iliyonyooshwa, ule weupe ulikuwa umebanduka vipande vipande, na chini yake palikuwa kijivu. Chelangat alitoa ufunguo wa pingu. Kwenye ukuta wa kawaida aliukwaruza, ukaacha mfereji na unga mweupe. Kwenye ule wa kijivu, ufunguo uliteleza ukilia.

"Saruji," alisema.

Kirimi aliinama. "Hata kama. Watu hukarabati."

Chelangat alikuwa ameshalala kifudifudi juu ya ukuta, kichwa nje, akitazama uchochoro chini. Upande wa nje, chini ya ukingo, ulipita utepe wa nakshi uliochongwa kwenye plasta: maua madogo yaliyoshikana, yameizunguka nyumba nzima. Penye saruji maua yalikatika. Baada ya saruji yakaendelea.

Alisimama, akajipangusa. Sauti yake haikubadilika. "Bi. Mwanamkisi, hapa nani alijenga?"

"Hapo? Si hapo palipobomoka."

"Palibomoka lini?"

Mama huyo alimtazama kama anayeulizwa jua huchomoza wapi. "Mwanangu, siku aliyoanguka Husni. Alianguka na ukuta. Mvua zilikuwa zimeula, na vijana upande ule walikuwa bado hawajaufikia. Mimi nilikuwa hapa mlangoni, nawaletea kahawa. Nimeona kwa mato yangu haya."

Kirimi alimgeukia. "Maelezo yako yako kwenye faili, Mama! Hukusema neno juu ya ukuta!"

"Mliniuliza?"

"Uliulizwa ulichoona!"

"Nikaulizwa: umemwona Jeilani akimsukuma Husni? Nikasema naam. Nikaambiwa tia sahihi. Nikatia. Mkomani nzima inajua ukuta ulianguka. Nani asiyejua?"

"Serikali, Bibi," alisema Chelangat. "Serikali haijui."

"Basi sasa imejua. Iteremke inywe kahawa."

*

Hawakunywa. Kirimi alimvuta Chelangat kwenye kona ya ngazi.

"Nisikilize. Jirani anampenda kijana. Kijana anataka kutoka. Ghafla ukuta umebomoka. Nani atasema haukubomoka mwaka jana? Nani atasema haukubomolewa na kujengwa mwezi uliopita, baada ya kusikia hukumu inakuja?"

"Picha zinaonyesha upande huu ni mweupe kuliko mwingine."

"Picha zinaonyesha ukuta mzima. Nitasimama mbele ya jaji niseme nini? Kwamba mama mmoja amenichekesha?"

Hoja yake ilikuwa na uzito. Chelangat aligeuka. "Bi. Mwanamkisi, mawe yaliyoanguka yalikwenda wapi?"

"Aliyatwaa Kadija. Yule wa nyuma, mwenye kuku. Yalikuwa yamelala uchochoroni, punda hawapiti, watu wanagombana. Akayazoa yote na kifusi chake."

Nyumba ya Kadija ilikuwa na ua mdogo nyuma, na uani palikuwa na banda la kuku lililojengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokandikwa kwa udongo. Lilikuwa banda imara kupita kiasi. Kadija mwenyewe, mama wa makamo mwenye leso mbili na sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka mbali, aliwasimamia mlangoni.

"Mnataka kuku au mayai?"

"Tunataka banda," alisema Chelangat.

"Banda haliuzwi."

"Tunataka kulitazama tu."

"Askari wawili, wakili mmoja—"

"Mimi ndiye wakili, askari ni mmoja," alisema Kirimi.

"—kuja kutazama banda la kuku! Haya, tazameni. Jogoo huyo hapendi viatu vyeusi."

Chelangat alipiga magoti. Mawe matatu yalikuwa bado na plasta upande mmoja, na kwenye plasta yalikuwepo maua madogo yaliyoshikana. Alipiga picha, akapima upana wa ua moja kwa kidole, kisha akaandika. Nyuma yake jogoo alikuwa anamfukuza kiongozi wa mashtaka kuzunguka ndoo.

"Ni nakshi ile ile," Kirimi alikubali kutoka juu ya ndoo. "Nakubali mawe ni ya ukuta ule. Sikubali siku."

Chelangat aliinua macho. Alikuwa anatazama juu ya kilango cha banda. Pale, katikati ya udongo mkavu, palikuwa pametiwa kitu cheupe, cha mstatili, kidogo kuliko kidole gumba. Kilikuwa na vitone vyeusi. Alivihesabu upande wa kushoto, akavihesabu upande wa kulia.

Sita, na sita.

Alikipangusa vumbi kwa ncha ya kidole. Kisha akauliza kwa uangalifu, kama mtu anayebeba chombo kilichojaa hadi ukingoni, "Bi. Kadija, hiki umekipata wapi?"

"Hicho? Kilikuwa ndani ya kifusi, kimeshikana na bonge la chokaa. Nilipolivunja bonge nikakiona. Nikasema kizuri, nikitie pambo juu ya mlango. Kuku nao wana haki ya nyumba yenye pambo."

"Umekipata siku ile ile uliyozoa kifusi?"

"Siku ile ile. Nilijenga kesho yake."

Kirimi aliteremka kwenye ndoo. Alijongea taratibu hadi kwenye kilango, akainama, uso wake ukawa karibu na vitone. Seti ya dhumna iliyookotwa juu ya dari ilikuwa chumba cha vielelezo, ndani ya mfuko wenye lakiri, na wote wawili walijua kwamba haikuwa kamili. Hakuna aliyewahi kujiuliza kete ya sita mbili ilikwenda wapi, kwa kuwa hakuna aliyedhani kete inaweza kusema kitu.

"Ilikuwa mkononi mwake," alisema Kirimi.

"Ilikuwa mkononi mwake. Yeye, kete na ukuta vilifika chini pamoja."

Kirimi alivua koti. Jasho lilikuwa limempata, lakini uso wake ulikuwa na kitu kingine, karibu sana na tabasamu. "Nani alijenga kwa saruji? Nikimpata huyo, akasema siku bila kuambiwa, sina la kupinga."

"Kaa hapa na Bi. Kadija. Asiongee na mtu hadi nirudi, na wewe usiongee naye juu ya siku."

"Na jogoo je?"

"Jogoo ni wako."

*

Chelangat alipita tena kwa Bi. Mwanamkisi, naye akamtaja mjenzi: Tevin Wanyama, kijana wa bara, aliyekuwa mpangaji wa chumba cha mbele nyumbani kwake. Sasa alikuwa mwashi upande wa Wiyoni, kwenye ujenzi wa ghala. Alipomwona Chelangat akija na kitambulisho mkononi alisimama pekupeku, akaweka mwiko chini.

"Madam, ile pikipiki si yangu."

"Sikuja kwa ajili ya pikipiki."

"Basi ni yangu."

"Tevin, umewahi kujenga ukuta Mkomani?"

Ilimchukua muda kubadilisha mwelekeo. "Mara moja tu. Kwa Bi. Mwanamkisi, kule juu. Si ukuta mzima, kipande tu."

"Lini?"

"Siku ile wanamzika Husni." Alivua kofia ya ujenzi. "Madam, wanaume wote walitoka na jeneza kwenda makaburini. Mimi si Mwislamu. Sikujua kama naruhusiwa kufuata ama nitaharibu kitu. Na Husni alikuwa rafiki yangu, alinifundisha kuogelea. Nikabaki kwa mlango kama mtu amesahau funguo. Nikamuuliza Mama, nisaidie na nini? Akasema wanawake watasoma hitma huko juu, na ukuta uko wazi kama jino limeng'oka, mtoto ataanguka. Nilikuwa na nusu mfuko ya simiti."

"Kwa nini hukutumia chokaa?"

"Chokaa siijui. Wanaoijua wote walikuwa makaburini. Mmoja alikuwa ndani ya jeneza, mwingine kwa seli." Aliguna kwa aibu. "Nikapaka nyeupe juu yake isionekane vibaya. Wazee walipoona walinitania mwezi mzima. Wakaniita daktari wa meno."

"Polisi walipokuja kupiga picha ulikuwepo?"

"Si nilikuwepo! Niliwashikia ngazi."

Chelangat alimtazama. "Uliwashikia ngazi."

"Waliniomba. Nikadhani wanapiga picha ya mji." Uso wake ulianza kukunjika. "Madam, nilifanya kosa?"

"Ulizuia watoto wasianguke. Kesho saa nane mchana uwe mahakamani, na uje na viatu. Mawe ya zamani yalikuwa wapi ulipoanza kazi?"

"Chini kwa njia. Yule mama wa kuku alikuwa anayabeba kwa karai, anagombana na mwenye punda."

Hakuwa ameulizwa juu ya kuku.

Akirudi Mkomani, Chelangat alijikuta akitembea haraka kuliko kawaida yake. Mwanamume mmoja aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa maji alimpisha na kusema, "Pole pole, Afande, mwizi atangoja!" Akamjibu, "Leo hakuna mwizi," na yule bwana akacheka bila kujua kwa nini.

*

Saa nane mchana siku iliyofuata chumba cha mahakama kilijaa hadi madirishani. Habari zilikuwa zimeuzunguka mji. Kwenye meza ya vielelezo kulikuwa na jiwe moja lenye maua, kipande cha saruji, na kete ya sita mbili juu ya kitambaa cheupe.

Kadija alitoa ushahidi mfupi na wazi. Mwishoni jaji alimuuliza kama ana la kuongeza.

"Nataka kete yangu irudi, Mheshimiwa. Kuku wameingia jana usiku kwa wasiwasi."

"Mahakama itawafikiria," alisema Jaji Nyaguthii.

Tevin alisimama na viatu, akaeleza habari ya siku ya maziko kwa maneno yale yale. Bi. Mwanamkisi alieleza alichoona, safari hii chote. Kisha Chelangat akaweka mfuko wa lakiri mezani, karani akaufungua, kete zikapangwa kwa safu. Nafasi moja ikabaki. Karani akaichukua sita mbili kutoka kwenye kitambaa, akaitia kwenye nafasi yake.

Bwana Taha alicheka.

Kicheko kilimtoka chote, bila kizuizi, mabega yakitikisika, na machozi yakaandamana nacho. Hakuna aliyemnyamazisha.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema alipopata pumzi. "Huyo ndiye mwanangu. Tangu mdogo hajawahi kumaliza mchezo na kete zote mezani. Kwetu tulimpekua mifukoni kabla ya kuanza. Jeilani, alikuwa anacheka?"

Jeilani hakuruhusiwa kujibu, lakini alijibu. "Alikuwa anacheka sana, Baba."

Kirimi alisimama. Alikuwa na karatasi, akaikunja akaitia mfukoni.

"Mheshimiwa, jana niliieleza mahakama kwamba mshtakiwa alimnyanyua marehemu, na kwamba alidanganya kuhusu ukuta. Nimeuona ukuta. Nimesukumwa juu yake." Watu walicheka, akangoja. "Hayo mawili serikali inayaondoa. Mshtakiwa alisema kweli tangu siku ya kwanza. Kuhusu kifungo, serikali haina ombi tena. Inaiachia mahakama."

Jaji aliandika kwa muda. Kisha akasoma, na sauti yake haikuwa na haraka.

"Kusukuma ni kusukuma. Mtu amekufa kwa mkono wa mshtakiwa, na mshtakiwa amelikiri hilo. Ukuta haumwondolei kosa hilo, lakini unaonyesha ukubwa wake: msukumo mmoja, wa hasira ya mchezo, penye ukingo ambao wote wawili waliuamini. Mahakama imezingatia kwamba mshtakiwa ndiye aliyempeleka mwenzake hospitali, kwamba alikiri, kwamba hakuongopa hata pale uongo ungemfaa, na kwamba baba wa marehemu amemsamehe bila kulipwa wala kulazimishwa. Mahakama imezingatia pia muda wote aliokaa rumande, ambao sheria inataka uhesabiwe. Namhukumu kifungo cha muda huo huo ambao ameshakaa. Ameumaliza. Kwa mwaka mmoja atakuwa chini ya afisa wa uangalizi, na ataripoti Faza. Mfungueni."

Kadija alipiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, cha juu, na cha pili kilitoka dirishani, na cha tatu barabarani. Jaji aliinua rungu lake dogo, akalitazama, akaliweka chini polepole bila kuligonga.

Askari jela alifungua pingu, kisha akafungua kilango cha kizimba, akasogea pembeni. Jeilani hakutoka. Alikuwa amezoea kwamba mtu hutangulia mbele na mwingine humfuata nyuma. Sasa hapakuwa na yeyote mbele wala nyuma. Chelangat alitambua shida ilikuwa wapi. Alitaka kwenda kumwambia, lakini Bwana Taha alikuwa ameshafika. Mzee alinyoosha mkono juu ya kilango.

"Umekula?"

"Bado, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu jana nilipoambiwa wamekwenda kuutazama ukuta."

"Basi toka huko, twende tukale. Boti ya Faza haiondoki hadi maji yajae, na mama yake Husni hapokei mtu mwenye njaa. Ataanza kupika usiku huu, hatulali."

Waliingia hoteli ya karibu na gati, wengi kuliko viti. Bwana Taha aliagiza sinia moja ya wali na papa wa nazi, kubwa, akaisukuma katikati, akamketisha Jeilani kulia kwake. Tevin aliketi akiwa ameshika viatu mkononi. Bi. Mwanamkisi alikuwa akimwelekeza mpishi namna ya kupika, naye mpishi akijifanya hasikii. Kirimi alikuwa ameshatia mkono sinia.

Chelangat alisimama mlangoni na faili kwapani. Katika kazi yake yote hakuwahi kula na watu wa kesi. Hakula na mashahidi wala na wafiwa, tena na mshtakiwa hata maji hakunywa. Ilikuwa kanuni nzuri, na haikuwahi kumwangusha.

"Inspekta!" aliita Bwana Taha. "Nafasi ya mtu mmoja imebaki hapa. Ukikawia, huyu bwana wa serikali ataimaliza."

"Nimejaa tu," alisema Kirimi, mdomo umejaa. "Mama amesema."

Chelangat alizipitia nyuso zote zilizozunguka sinia, moja baada ya moja, akitafuta shahidi, mfiwa, au mshtakiwa. Hakumwona yeyote. Aliweka faili juu ya friji ya soda, akaenda kunawa mikono.